Mkanda Usiopiga Kelele

Jumatatu, 3 Machi
Shajara, niwie radhi. Nimekaa kimya tangu mwaka uanze kwa sababu sikuwa na ushindi wa kuandika. Sasa ninao, au nitakuwa nao Jumamosi. Siku hiyo kitindamimba wetu anahamia mji mwingine kuanza kazi yake ya kwanza, nami ndiye nitakayempeleka. Wakubwa zake wote niliwapeleka mimi.

Kikwazo ni gari. Nikiliwasha asubuhi hupiga ukelele mtaa mzima ukajua ninatoka. Shemeji yangu, ambaye amenunua gari jipya na hakuna asiyejulishwa, amesema langu linadai talaka. Mke wangu amecheka kupita kiasi. Kisha ametoa hukumu: likiendelea kulia hadi Jumamosi, binti atapelekwa na mjomba wake.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa fundi. Kinacholia ni mkanda wa nje, ule mrefu ulio mbele ya injini. Huzungusha alteneta inayochaji betri, pampu ya maji yanayopoza injini, na pampu inayolainisha usukani. Umechakaa, unateleza, abadilishe.

Nimemwambia nitafikiri. Katika ualimu wangu sikumfukuza mtoto kwa sababu ya kelele. Nilimnyamazisha. Nimeusugua mkanda kwa kipande cha sabuni. Kimya. Mke wangu amenitazama kwa jicho la pembeni.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Sabuni imetoa povu, mkanda umeteleza zaidi. Taa ya betri imewaka, usukani umekuwa mzito katikati ya kona, nami nimeingia kwenye ua wa jirani. Nimemwomba radhi. Amesema hakuna neno, ila ua uliobaki anauhitaji. Shemeji amepita na kuuliza kama hapo ndipo ninapoegesha siku hizi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeazima spana. Nimeukaza mkanda hadi mkono ukaniuma. Haulii tena. Sasa alteneta ndiyo inayoguna. Nimemfafanulia mke wangu kwamba kuguna si kulia. Amesema, “Mwalimu, ligune au liimbe, mimi nataka mtoto afike.”

Jumamosi, 8 Machi
Tumepakia sanduku, ndoo na godoro. Tumefika kituo cha mafuta cha kwanza. Mkanda umekatika.

Shemeji alikuwa nyuma yetu. Kumbe mke wangu alimwomba atufuate, sikushirikishwa. Wamehamisha mizigo bila kusemezana, kama watu waliokwisha kufanya mazoezi. Shemeji hakunitania hata kidogo. Hilo limeniudhi kuliko mzaha. Binti amenishika mkono na kusema, “Baba, hata hapa umenifikisha wewe.” Nafasi moja tu ilibaki, na mama yake ameikalia. Nimebaki mimi na godoro, ambalo halikuenea.

Jumatatu, 10 Machi
Fundi amefunga mkanda mpya. Gari limetulia. Binti amepiga simu: analala juu ya mkeka, mgongo unamuuma. Nimemwambia nitampelekea godoro mwenyewe kesho. Mama yake, aliyerudi jana, amesema mjomba wake ana nafasi garini. Nimesema baba yake pia anayo.

Kabla sijaondoka, fundi amefungua kifuniko cha ubavuni na kunionyesha mkanda mwingine, wa ndani, wenye meno. Huu ndio unaozipangia valvu na pistoni zamu zao zisije zikagongana. Kwa kawaida haulii wala hauonyi. Ukikatika safarini, injini imekwisha. Una nyufa, ameshauri aubadilishe leo. Mke wangu, aliyenisindikiza, amesema ulifaa kubadilishwa jana.

Nimeutazama kwa makini. Umefanya kazi tangu tuliponunua gari, na hakuna aliyewahi kuusikia ukilalamika. Mkanda wa namna hiyo hauondolewi. Hupigiwa mfano mbele ya wengine. Nimemwagiza fundi arudishe kifuniko.

Hata hivyo sipuuzi ushauri. Safari ya kesho ni ndefu na barabara ina milima. Nitalitafakari jambo hili njiani, na nikishakata shauri, nitaliandika hapa.