Ziara Zetu Zafaulu Mtihani wa Takwimu

Umma wa Handeni na Korogwe unatangaziwa kwamba, baada ya mchakato shirikishi, ziara za viongozi zimethibitishwa kisayansi kuwa na umuhimu katika kilimo cha mahindi. Mimi ndimi katibu wa Kamati iliyothibitisha, nami naeleza ilivyokuwa ili mitaani wasipotoshe.

Mtakwimu wetu, Zamda, alikusanya takwimu za wakulima mia mbili wa Mkata, Mpale na Mashewa. Akapima mvua, mbolea na, kwa maelekezo ya mwenyekiti, ziara zetu. Kila jambo likapata kizigeu chake, yaani namba ya kuonyesha mavuno hubadilika kiasi gani jambo hilo likiongezeka.

"Mvua imefaulu," alisema Zamda. "Mbolea ya kufika kwa wakati imefaulu. Ziara zimefeli."

Mwenyekiti, Mheshimiwa Semboja, alivua miwani. "Zimefelije, binti? Mkata peke yake nimekwenda mara kumi na nne."

"Hata kama ziara hazina athari yoyote, mzee, bahati tupu ingeweza kutoa namba kubwa kama hii mara sabini na moja kati ya mia. Sisi tunakubali isipozidi mara tano."

"Hiyo tano kaiweka nani?"

"Ni desturi ya wataalamu."

"Wa kata gani?"

Kata haikupatikana. Kamati ikapiga kura, kikomo kikapanda kutoka tano hadi themanini. Wote tuliafiki isipokuwa Zamda, ambaye si mjumbe. Ziara zikafaulu papo hapo. Ikafaulu pia rangi ya mlango wa mkulima, ambayo Zamda aliiingiza kwa majaribio. Tuliipongeza.

Zamda akanyoosha mkono. "Mbele ya namba ya ziara kuna alama ya kutoa."

"Hicho kistari?"

"Kinasema kila ziara inapunguza robo gunia kwa ekari."

Mwenyekiti akaamua kwamba kistari ni pambo. Akasaini, nikagonga muhuri, ripoti ikaenda ngazi ya juu pamoja na ombi la gari la pili.

Kwa bahati mbaya, ngazi ya juu waliisoma. Jambo hilo hatukuwa na uzoefu nalo. Akaja mkaguzi, Mama Yasinta, tukaongozana naye hadi Mkata, akamkuta Bibi Tatu akipalilia.

"Shikamoo, bibi. Viongozi wakija huwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Tunaitwa saa mbili, wanafika saa tisa. Jembe linalala, magugu hayalali. Mbolea ndiyo usiseme. Mwaka jana ilifika mahindi yameshatoa mbelewele. Eti gari hakuna, liko ziarani."

Mama Yasinta akaweka kidole kwenye kile kistari cha ripoti. Mwenyekiti akaruka. "Hiyo namba haina umuhimu wowote! Ni bahati tu!"

Mama Yasinta alifungua ukurasa wa mwisho. "Sahihi hii si yako, mheshimiwa?"

Mheshimiwa akaanza kutafuta miwani yake.

Ziara zimesitishwa msimu mzima, na gari letu linabeba mbolea. Juzi liliingia Mkata limesheheni mifuko. Wanawake wakatoka mashambani wakipiga vigelegele. Mwenyekiti alikuwa amesimama pale barabarani akisubiri basi. Akafunga vifungo vya koti, akainua mkono kuwapungia.

Wakamwomba asogee, anaizibia mbolea njia.