Maharagwe ya Wamae

Jumatatu, 3 Machi
Jana baada ya ibada hapa Wamagana, Daktari Hanan kutoka Nyeri mjini alitueleza kuhusu protini fulani ya damu. Ikipanda, ati huenda mwili unawaka ndani kwa ndani na kiharusi kiko njiani. Kanisa zima likamgeukia kaka yangu Mugo. Kiharusi kilimpiga mwaka jana, na tangu hapo maneno yanamtoka kwa taabu.

Mwezi ujao ni ruracio ya bintiye, Wendy. Wageni wakija na mahari, lazima mtu aongee kwa niaba ya Mugo. Nani kama si mimi? Lakini jirani yetu Wamae, wa ukoo wetu, anaimezea mate nafasi hiyo. Mugo ameamua sote wawili tupimwe damu Ijumaa. Ati hataki msemaji wa kuanguka katikati ya sentensi.

Protini! Nani asiyejua inakaa wapi? Kwenye maharagwe.

Jumanne
Githeri. Nimechambua maharagwe yote, nikala mahindi matupu. Mke wangu Murugi ameuliza kama nimegeuka kuku. Maharagwe nimempelekea Wamae, na mayai juu. Ameguswa sana, akasema hakujua nampenda hivyo. Maskini!

Alhamisi
Njaa! Jino bovu linauma, shavu limevimba. Dawa za presha nimeziweka kando, maana sijui zimetengenezwa na nini. Sigara ni salama, haina protini.

Jioni nilimkuta Mugo akihangaika na kifungo cha shati. Nikageuza uso. Naogopa. Nimeandika hapa, sitasema popote.

Ijumaa
Balaa! Yangu iko juu. Ya Wamae iko chini, licha ya maharagwe yangu yote! Daktari Hanan alinieleza polepole. Protini hii haitoki kwenye sahani, inatengenezwa na ini, hasa mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Jino langu peke yake linaweza kuipandisha. Kipimo hicho hakisemi kwamba lazima nitapata kiharusi, lakini nikijumlisha na presha na sigara, nisijidanganye. Ning'oe jino, nimeze dawa, niache sigara, nile maharagwe, nipimwe tena kabla ya ruracio.

Wamae akanishukuru mbele ya watu kwa chakula kizuri.

Jumamosi
Mugo alikuja kwa miguu, na mkongojo wake. Nilijua amekuja kuniambia nafasi ni ya Wamae. Alipambana na ulimi mpaka nikatamani kummalizia sentensi. Kumbe alinitaka mimi tangu mwanzo! Habari ya kupimwa ilikuwa njia ya kunifikisha kwa daktari, kwa sababu ananijua. Akanisukumia kidonge changu kwa mkono ulio mzima. Nikameza akiniangalia. Tulilia sote wawili, watu wazima, na chai ikapoa.

Jumatano, 12 Machi
Jino limetoka. Najisikia kijana! Leo nimekaa kuyatafakari maneno ya daktari, na sigara moja tu ya kusaidia akili. Kidonge nitameza Mugo akija.

Protini inatengenezwa na ini. Ini! Mbona sikuelewa mapema? Nimepiga marufuku maini katika nyumba hii. Ya mbuzi tuliyemchinja jana nimempelekea Wamae, yote.