Kanda Niliyouza Nikanunua Mashine

Jumamosi, 12 Juni 1999
Nimewapiga bao! Nimemuuzia jirani yangu Merle kanda zetu zote za video, sanduku zima. Maskini, hajui dunia imefika wapi! Nimenunua mashine mpya ya diski za filamu. Diski bei ya hamburger, unaitazama siku mbili, kisha inajifunga. Ukiitaka tena, mashine inaipigia kampuni simu, unakatwa pesa. Mke wangu Arlene akauliza: kwa hiyo atapiga hodi sebuleni kwake mwenyewe ndipo atazame filamu? Hana jicho la biashara.

Jumatano, 16 Juni
Redio asubuhi: kampuni imeziacha diski hizo. Hazina wanunuzi. Mji mzima wa Dayton huenda mnunuzi nilikuwa peke yangu! Lakini wenye mashine watarudishiwa dola mia. Merle akaniita kutoka ng'ambo ya ua: nisilie, mashine si ina simu? Impigie mtu anifariji. Nikafunga dirisha.

Alhamisi, 17 Juni
Arlene anaitafuta kanda ya Curtis. Mwanetu. Miaka sita, anapuliza mishumaa, meno mawili ya mbele hayapo. Hakufikisha miaka saba. Kila Siku ya Baba tunaitazama. Nikamwambia iko mahali.
Kweli, iko mahali.

Jumamosi, 19 Juni
Kwa Merle, na pai ya cheri. Nikadanganya kwamba nataka kuazima kanda ya harusi ya shemeji. Akaniletea sanduku. Ya Curtis haimo. Ikabidi niseme ukweli. Merle akakaa chini. Alikuwa amerekodi mashindano ya boling ya kwenye TV juu yake. "Haikuwa na jina, Del. Naapa." Zimebaki sekunde kumi za mwisho: mkono mdogo, keki, kisha chengachenga.

Jumapili, 20 Juni. Siku ya Baba.
Arlene hakupiga kelele. Heri angepiga. Alizirudia sekunde zile hadi chai ikapoa. Kisha: "Delbert, na hii watakurudishia dola ngapi?"
Amehamia chumba cha Curtis.

Jumamosi, 24 Julai
Hundi ya dola mia imefika! Arlene hakugeuka hata kutazama. Nitamfurahisha. Dukani kuna mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta. Hazipotei milele! Hundi haitoshi, lakini zile fremu za fedha za picha za Curtis ukutani za nini tena? Nimeziuza leo, Arlene akiwa kanisani kupanga maua. Picha nimezitia kwenye mfuko wa karatasi, karibu na pipa.
Kompyuta tutanunua mwakani.