Ngazi ya Wasiomaliza

Idara ya Mifumo na Miradi ilitangaza, kwa furaha isiyo na mfano, kwamba kuanzia Jumatatu ile hakuna mfanyakazi wake atakayepotea tena njiani kitaaluma. Ngazi ya Taaluma ya Usimamizi wa Miradi ya Tehama ilikuwa imekamilika, angalau kwa upande wa mchoro. Mchoro wenyewe ulibandikwa mlangoni kwa gundi nyingi: chini kabisa Mwombaji, juu yake Msaidizi, halafu Mratibu, halafu Meneja, halafu Meneja Mwandamizi, na kileleni, ndani ya kijiwingu cha bluu, Mkurugenzi. Watu walijazana kuusoma. Wengine waliupiga picha. Mmoja alisema sasa angalau anaona mbele.

Sheria ya kupanda ilikuwa moja tu, na hapo ndipo akili ya Idara ilipong'aa. Meneja ni mtu mwenye mradi. Mradi ukikwisha, haupo tena. Na mradi ukiwa haupo, huyo meneja anasimamia nini, hewa? Kwa hiyo mwenye mradi unaoendelea anapanda, mradi wake ukizidi kuzeeka naye anazidi kupanda, na anayemaliza mradi anarudi chini kabisa kuomba upya. Haya, nani atabisha hapo?

Hakuna aliyebisha, ila dada mmoja wa chumba cha kompyuta, ambaye wenzake walimbatiza Maliza. Jina hilo msidhani lilikuwa sifa. Walilitamka kwa sauti ya chini, kwa huruma, kama mtu anayetaja kikohozi cha jirani. Maskini ya Mungu, alikuwa na tabia ya kumaliza vitu.

Maliza alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Mwisho wa mwezi ama athibitishwe kazini kwa cheo cha Meneja, ama afungashe virago. Naye kazi hii aliipenda, aliipenda mpaka akawa anaiota. Kila jioni mama yake alipiga simu.

"Mwanangu, wamekuthibitisha?"

"Bado, mama."

"Kwani unakosea wapi?"

"Namaliza kazi, mama."

"Basi punguza," alisema mama, ambaye hakuelewa kitu lakini siku zote alikuwa upande wa mwanawe.

Kosa kubwa la Maliza lilikuwa mashine ya namba za foleni. Wananchi waliofuata vyeti vyao dirishani walikuwa wakisukumana tangu alfajiri mpaka vifungo vya mashati vinakatika. Idara, kwa kujali, iliupa mradi huo muda mrefu wa kutosha, ikaunda kamati, ikaandaa warsha ya kuijengea kamati uwezo. Maliza hakusubiri hata chai ya kikao cha kwanza. Alichukua kompyuta chakavu na skrini moja yenye ufa, akaandika programu, na kamati ikiwa bado inabishania jina la mashine, wananchi walikuwa wameketi kwenye viti wakingoja namba zao zisomwe. Bibi mmoja alisinzia kabisa, akaamka zamu yake ilipofika, akashukuru, akaenda zake. Ilikuwa aibu tupu kwa Idara.

Mkurugenzi akamwita.

Mkurugenzi wa Idara alikuwa mtu mpana, mpole wa sauti, mwenye tai iliyomtangulia kila aendako. Kila siku aliingia jua likiwa limeshavuka madirisha, akasimama katikati ya ukumbi, akainua macho kwenye saa kubwa ya ukutani, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Saa mbili kamili," alisema. "Kama kawaida."

Na kweli, saa ilionyesha saa mbili kamili, ndio wakati wa kufungua ofisi. Ilionyesha hivyohivyo mchana watu wakila, na jioni watu wakiondoka. Haikuwa na betri tangu jengo lilipofunguliwa. Ndiyo maana Idara haikuwahi kuwa na mchelewaji hata mmoja, na kabatini palikuwa na kikombe cha nidhamu kuthibitisha.

"Binti yangu, kaa," Mkurugenzi alisema. "Hii mashine ya foleni. Nani alikutuma?"

"Kazi nilipewa mimi, mzee."

"Kuifanya, ndiyo. Nauliza, nani alikutuma kuimaliza?"

"Watu walikuwa wanaumia, mzee."

"Na sasa?"

"Hawaumii tena."

"Umeona sasa!" Mkurugenzi alishika kichwa. "Kwenye andiko la kuombea fedha za awamu ya pili tutaandika nini? Kwamba watu wamekaa? Sikiliza, mwanangu. Mimi Mfumo wa Ngazi niliuanza nikiwa na nywele." Akainamisha kipara chake kikaguliwe. "Umewahi kusikia nimeumaliza?"

"Hapana, mzee."

"Na niko wapi?"

"Juu, mzee. Kwenye wingu."

"Basi jifunze kwa wakubwa."

Ikumbukwe kwamba huo Mfumo wa Ngazi ndio uliotarajiwa kupanga vyeo vyote kwa kompyuta, bila upendeleo. Kwa kuwa haujakamilika, Mkurugenzi aliifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa kujitolea.

Maliza alijaribu tena. "Lakini mzee, nina mradi mwingine unaoendelea. Ule wa saa ya ukutani. Nangoja sahihi yako tu ninunue betri."

Hapo Mkurugenzi alicheka mpaka tai ikatikisika. Mradi huo wa saa, kwa jina rasmi Uoanishaji wa Wakati Ofisini, ulikuwa mkongwe kuliko miradi yote ya Idara. Zamani zile ulimpeleka yeye mwenyewe nchi za mbali kwa ziara ya mafunzo, akatazama saa za wenzetu, akarudi na kofia. Baada ya hapo ulirithishwa kutoka mstaafu hadi mstaafu, na Maliza alipoajiriwa alitupiwa siku ya kwanza, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

"Ule siuhesabu," alisema Mkurugenzi. "Ule ni betri tu."

"Basi weka sahihi, mzee, nao uishe."

"Haraka ya nini, binti yangu? Saa mbili bado."

Maliza alitoka, akaenda kwenye ngazi za dharura ambako hapiti mtu, akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akapangusa uso kwa kitambaa cha kufutia skrini, akarudi kazini. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja mbio.

Wiki hiyohiyo Idara ilikuwa inajiandaa kwa Uzinduzi wa Awamu ya Tisa ya Mfumo wa Ngazi. Kwa kuwa Maliza hakuwa na mradi unaohesabika, alipewa kazi nyepesi: kupangusa vumbi kwenye seva, na siku ya sherehe kumwonyesha mgeni rasmi picha ya Mfumo kwenye skrini.

Aliyelinda seva ni fundi mmoja wa makamo waliyemwita Kaka Seva. Juu ya mtambo alikuwa ameweka chupa ya chai na redio.

"Kaka, huu mfumo umeharibika nini?" Maliza aliuliza, kitambaa mkononi.

"Haujaharibika, dada. Haujawahi kuwashwa."

Hilo Maliza hakupaswa kuambiwa. Kumwambia mtu wa aina yake kwamba kitu hakijawahi kuwashwa ni kumtafutia balaa. Alivuta kiti, akaanza kusoma programu, akaona vijana wa zamani waliiandika vizuri sana, wakazuiwa karibu na mwisho, hakika kwa ajili ya kulinda ajira. Palibaki kipande kidogo cha kuunganisha orodha ya miradi na orodha ya vyeo. Siku ya pili Kaka Seva alirudi na kikombe chake, akamtazama usoni, akajua.

"Umemaliza, sio?"

"Bado, kaka. Nimebakiza kubonyeza tu."

"Usibonyeze! Nakuomba kwa heshima na taadhima. Mimi nina watoto wanasoma."

"Sibonyezi, kaka. Mimi nimetumwa picha tu."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifungwa riboni kila penye msumari. Mgeni rasmi, mama mmoja mkubwa wa wizarani mwenye haraka zake, aliketi mbele akiwa ameshika mkoba mapajani. Mkurugenzi akapanda jukwaani, akahutubia.

"Mheshimiwa, Mfumo huu haukosei! Haubembelezeki! Hautazami sura ya mtu wala urefu wa tai yake! Utakachosema, ndicho kitakachokuwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kukitii!"

Makofi. Maliza akaweka picha. Ilikuwa picha nzuri, yenye mishale.

"Hii ni picha," alisema mgeni rasmi.

"Ni picha ya kiwango cha juu, mheshimiwa."

"Nimeizindua picha hii awamu iliyopita. Na iliyoitangulia. Kila mara nakata riboni, nakula keki, naondoka. Leo nataka kuona kitu kinatembea. Kama hakuna, nakwenda zangu, na nitakapofika wizarani nitauliza maswali."

Mkurugenzi alicheka kwa midomo peke yake. Akamsogelea Maliza, akamnong'oneza bila kugeuza shingo, "Sema mtandao umekatika. Sema hivyo, na kesho nakuthibitisha. Umeneja, binti yangu. Palepale."

Maliza akakitazama kitufe. Umeneja ulikuwa huo hapo, kwa sentensi moja. Jioni angempigia mama yeye kwanza, kabla hajaulizwa. Halafu je? Halafu angekaa miaka na mikaka akilinda vitu visiishe, akinywa chai juu ya mitambo mizima, mpaka naye awe na kipara cha kuonyesha watoto wa wenzake. Alijiuliza kama kufukuzwa kunauma kuliko hivyo, akaona hapana. Kama ni kuondoka, ataondoka ameacha kitu kinafanya kazi.

"Mtandao uko salama, mheshimiwa," alisema, na akabonyeza.

Nyuma ya ukumbi Kaka Seva alifumba macho.

Seva ikaguna. Picha ya mishale ikatoweka, na kwenye skrini vyeo vikaanza kujipanga, kimoja baada ya kingine, upesi, bila hotuba. Mameneja wakajiona walipokuwa, wakapumua. Kisha likaja jina la Mkurugenzi, na maelezo yake yakasomeka mpaka kiti cha mwisho: *Mradi: Mfumo wa Ngazi. Hali: umekamilika sasa hivi. Cheo: Mwombaji.*

"Ha!" alisema mtu fulani, akajifanya anakohoa.

"Kuna hitilafu," alisema Mkurugenzi.

"Umesema haukosei," alimkumbusha mgeni rasmi, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameweka mkoba chini. "Subiri, kuna kingine kinakuja."

Kikaja. *Mradi mkongwe kuliko yote unaoendelea: Uoanishaji wa Wakati Ofisini. Kikwazo: unasubiri sahihi. Mwenye mradi: yule dada wa chumba cha kompyuta. Cheo: Mkurugenzi.*

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, walipigana migongo, mama wa mapokezi alipiga kigelegele kisha akaziba mdomo, kisha akaona potelea mbali, akapiga kingine. Mgeni rasmi alikata riboni zote alizoziona, hata ile iliyoshikilia pazia, akampa Maliza mkono.

"Hongera, Mkurugenzi. Awamu tisa nimesubiri kitu kitembee."

Jioni ile Maliza ndiye aliyepiga simu kwanza.

"Mama, wamenithibitisha."

"Umeneja?"

"Nimeupita kidogo, mama."

Asubuhi iliyofuata Maliza aliwahi. Mezani kwake palikuwa na mafaili yanayosubiri sahihi tangu enzi na enzi, akawa anayashusha moja moja. Akiwa humo akasikia kiti kinaburuzwa ukumbini. Akatoka. Mzee, yaani Mkurugenzi wa jana, alikuwa amesimama juu ya kiti chini ya saa ya ukutani, anahema, tai begani. Mkononi ameshika betri mpya, bado iko kwenye karatasi ya dukani.

"Mzee! Unafanya nini huko juu?"

"Nakusaidia, binti... Mkurugenzi. Nimeona nikumalizie mradi wako."

Kila mtu pale ukumbini alipiga hesabu ileile. Saa ikitembea, mradi umekwisha. Mradi ukikwisha, dada anashuka mpaka chini, na kiti kileee kiko wazi. Kaka Seva aliweka kikombe chini taratibu.

"Ahsante sana, mzee," alisema Maliza. "Una moyo. Betri hiyo imepita kwenye kamati?"

"Kamati ya nini? Hii ni betri tu!"

"Ina sahihi ya Mkurugenzi?"

"Sahihi ya Mku..."

"Shuka, mzee. Utaanguka bure."

Akashuka, guu moja, guu la pili, huku ameshikiliwa na watu waliokuwa wakijibana wasicheke. Maliza alichukua karatasi, akaandika mstari mmoja, akatia sahihi, akaibandika juu ya ule mchoro wa mlangoni: *Kuanzia sasa anayemaliza ndiye anayepanda.* Halafu akatia sahihi ya pili, ya betri. Akaitwaa mkononi mwa mzee kwa adabu, akapanda kwenye kiti, akaiweka ndani ya saa, akalinganisha mishale na simu yake.

Saa ikaanza kutembea. Walioajiriwa zamani walishtuka, hawakujua kama ile ni sauti yake. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

"Haya, mzee," alisema Maliza, akipangusa mikono. "Umekuja kuomba kazi, karibu sana, miradi ya kumaliza ipo tele. Ila waombaji hapa wanaripoti saa ngapi?"

"Saa mbili kamili," alisema mzee, maana sheria hiyo aliiandika mwenyewe. Akainua macho ukutani, kwa mazoea, na kichwa kikagoma kutikisika. "Lo. Nimechelewa."

"Kama kawaida," alisema Kaka Seva.