Ombi la Kuhifadhiwa Ghorofa ya Ifakara Pamoja na Wakaao Ndani Yake

Ifakara, nyuma ya soko,
3 Februari, 1958.

Kwa Bwana Shauri,
Boma la Mahenge.

Bwana Mkubwa,

Baada ya salamu nyingi zinazovuka Mto Kilombero pamoja na karatasi hii, mimi mpangaji wa chumba namba nne, juu, katika nyumba pekee ya ghorofa mjini Ifakara, naleta lalamiko. Bwana Afya ameagiza nyumba yetu ibomolewe kabla ya masika. Naomba, kwa unyenyekevu, itangazwe kuwa kumbukumbu ya kale, isiguswe na mtu yeyote, hasa yeye. Sababu zangu ni hizi:

1. Umri. Hakuna aijuaye siku ilipojengwa. Mzee Dionisi, aliyebeba matofali yake, anaikumbuka, lakini tumemwomba apumzike kukumbuka mpaka shauri hili limalizike.

2. Nimesoma gazetini ya kwamba Serikali hulinda magofu ya pwani. Magofu hayo yalikwisha kuanguka zamani. Letu lingali linaanguka, tena kwa bidii, kila siku isipokuwa Jumapili, wapangaji tunapokuwa misani. Mtaalamu akija ataikuta historia ikiwa kazini.

3. Ngazi yetu ina vidato kumi na kimoja, ambavyo vitatu havipo. Hivyo vitatu navyo vihifadhiwe. Tumekwisha kuvikariri, na kikirudishwa hata kimoja, tutavunjika miguu.

4. Bwana Afya alipokuja kukagua, mguu wake wa kulia ulipenya kati ya mbao za sakafu ukatokea dukani kwa Mama Theodosia, mshona nguo aliye chini. Theodosia ni mtu wa adabu. Alipouona mguu wenye stokingi ukining'inia darini, aliacha cherehani, akaushika kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, Bwana." Bwana Afya, aliyekwama hadi pajani, akaitikia, "Marahaba, mama. Sasa nisukume juu." Theodosia akaona kumsukuma mkubwa ni utovu wa heshima, akaendelea kushika.

Naomba kuuliza kisheria: shikamoo ni kushika miguu; katika nchi nzima, wangapi huisema, na wangapi wamewahi kuitenda? Nyumba hii imewezesha salamu hiyo kutimizwa kwa ukamilifu wake. Na mtu aliyeitikia marahaba ndani ya nyumba, anawezaje kesho yake kuihukumu kifo?

5. Maji. Hili silisemi kwa mapambo. Mto Lumemo ukifurika, maji hufika juu ya meza ya Theodosia. Mwaka juzi tulikaa huku juu watu thelathini na mmoja kwa siku tisa, pamoja na mbuzi, na Kandida, mke wa mvuvi wa Mofu, akajifungua salama chumbani mwangu. Ghorofa ikivunjwa, naomba nielekezwe wale wa chini watapanda wapi.

6. Wapangaji. Nimekaa humu miaka kumi na minne. Moshi wa jiko langu umeupa ukuta rangi isiyouzwa dukani, na mgongo wangu umefuata mbonyeo wa sakafu. Mimi na nyumba hatutenganishiki. Kwa hiyo nami nitangazwe kumbukumbu ya kale, nisihamishwe, nisirekebishwe, wala nisiguswe bila kibali. Kibao cha tangazo nitakivaa shingoni siku za kazi.

Nakomea hapa, nisije nikaiongezea sakafu uzito. Wasalimie makarani wote, tarishi, mpishi, askari wa lango, na yeyote atakayekuwapo ofisini barua hii ikisomwa. Bwana Afya naye msalimie. Mguu wake nauombea nafuu.

Ni mimi mtiifu wako, niliye juu kwa mahali tu, si kwa cheo,

Kasmiri Libenanga

Nyongeza: Nyumba yangu mpya ya Lipangalala, iliyoko mahali palipoinuka, itaezekwa wiki ijayo, na Theodosia amekwisha kuhamishia cherehani huko. Imepungukiwa mlango na madirisha mawili tu. Kwa hiyo, ikiwa haitakuwa taabu, ubomoaji uanzie chumba namba nne, tena mapema, kwa kuwa vipimo vya mlango na madirisha yake vinalingana na vya kule. Fundi aliniuliza kama ningependa ghorofa. Nikamjibu kwamba akili zangu bado ni timamu.