Boaz Ndiye Angetangulia Kusahau

Landless, Thika

Kwa Daktari Wavinya,

Natumaini hujambo, na wagonjwa wako wanaendelea. Mimi ni Jared, mchonga mawe wa machimbo ya Ruiru, yule uliyemwambia wiki jana kwamba ana ugonjwa wa kusahau na hali ana miaka hamsini na mmoja tu. Nimeyafikiria maneno yako na nina malalamiko.

1. Ugonjwa huu umeruka foleni. Kwetu Wajaluo, ndugu mdogo hapandi mahindi kabla ya mkubwa, hajengi nyumba kabla yake, wala haonji mavuno. Kaka yangu Boaz yuko nyumbani Ugenya, mzima kabisa, anakumbuka hata majina ya ng'ombe waliokufa. Mimi nitaanzaje kusahau kabla yake? Kumtangulia mkubwa huleta chira, yaani balaa la kuvunja mwiko, na chira hiyo itaingia kwangu, sio kwako.

2. Ushahidi uliotolewa na mke wangu, Dorine, ni wa upande mmoja. Ni kweli alipata kiatu changu cha kazi ndani ya debe la unga. Kilikuwa kimeoshwa. Ni kweli pia kwamba nilitoka kanisani nikaishia mtaa wa Kiandutu, nikaketi katika nyumba ya watu nikingoja chakula. Walinipa. Sioni nani alikosewa hapo.

3. Uliagiza nisiguse tena mashine ya kukata mawe. Sasa nafagia vumbi. Nzomo, ambaye nilimfundisha mimi kushika patasi, huniuliza kila asubuhi, "Omera, ndugu yangu, leo umekuja kazi ama umekuja kutembea?" Watu hucheka, nami nacheka nao. Lakini mtu aliye mbali na kwao ana mikono yake tu. Ukimnyang'anya hiyo, amebaki mgeni.

4. Dorine amebandika karatasi kila mahali kama ulivyomwelekeza: CHUMVI. ZIMA JIKO. Mbele ya kitanda ameweka picha yake mwenyewe, na jina lake chini. Hiyo nilimwambia aitoe. Amekataa.

Kwa hivyo naomba umhamishie Boaz ugonjwa huu. Yeye ana shamba na watoto wakubwa, na hakuna mashine ya kumkata. Akinitangulia nao kwa miaka kumi hivi, nitaupokea bila kelele. Akibisha, mkumbushe kwamba nilimbeba mgongoni kuvuka mto alipokuwa darasa la kwanza, na hajawahi kunishukuru.

Wasalimie wauguzi wote, na yule mama wa mlangoni aliyenionyesha njia ya kutoka, kila nilipomrudia.

Ni mimi ninayedai zamu ifuatwe,
Jared

N.B. Dorine amenisomea barua hii. Anasema Boaz ndiye mdogo wangu. Nilibisha, akaniuliza ni mdogo gani humbeba mkubwa wake mgongoni. Basi foleni haikurukwa. Futa malalamiko yote. Picha ibaki. Jumanne nitakuja kliniki na Dorine. Ila Boaz akija kwako na dalili, mrudishe nyumbani. Mwambie mkubwa wake bado yuko mbele.