Siku Tatu za Mwisho kwa Miaka Kumi na Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeletewa bahasha ya kaki. Aliyeileta alisimama mlangoni mpaka nikatia sahihi, akangoja kidogo, kama mtu anayetarajia ahsante. Sikumpa.

Ndani mna kurasa mbili na muhuri wa bluu. Taarifa ya ukiukaji wa sheria, kutoka ofisi ya kumlinda mlaji. Nimeisoma mara tatu. Nimeuza magodoro miaka ishirini na miwili na sijawahi kumwona mlaji hata mmoja.

Makosa ni matatu. La kwanza, nimetangaza TUNAFUNGA DUKA, SIKU TATU ZA MWISHO kwa miaka kumi na mmoja bila kufunga. La pili, bei nilizozikata kwa wino mwekundu hazijawahi kutozwa kwa kiumbe yeyote. La tatu, nimebandika ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, ilhali mnunuzi ana haki ya kuirudisha ikiwa na kasoro.

Yote kweli. Ndiyo maana yananiudhi.

Kila kosa lina faini yake. Napewa siku kumi: nikiri na kulipa, au niende barazani nikajitetee. Nisipofanya lolote, leseni inafutwa na duka linafungwa. Yaani watanifungia duka kwa kosa la kusema nalifunga!

Leseni hiyo ndiyo kitu pekee nilichonacho cha kumwachia binti yangu. Kiwanda alichofanyia kazi kilivunjwa miaka miwili iliyopita, akarudi nyumbani, na tangu hapo yeye ndiye anayebeba, anayepanga, anayefuta vumbi. Mwisho wa mwezi huu ilikuwa iandikwe jina lake. Mwezi uliopita daktari wa moyo aliniambia nipange mambo yangu. Nimeyapanga. Sijamwambia mtu.

Nani kanichongea? Hakuna haja ya kupiga ramli. Ni Mapazia, muuza vitambaa wa ng'ambo ya barabara. Kutwa yuko mlangoni kwake, futi kamba shingoni, kama daktari wa mashuka. Nani mwingine ana nafasi ya kuhesabu miaka kumi na mmoja?

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa! Alfajiri nilipanda kigoda, nikashika kalamu nene, na chini ya maneno TUNAFUNGA DUKA nikaongeza, kwa mwandiko mdogo wa adabu: kila jioni.

Hakuna uongo tena. Kila jioni tunafunga. Mashahidi wapo.

Kushuka kigodani kulinichukua robo saa, moyo ukinidunda kama mtwangio. Nikajilaza kwenye godoro la futi nne la dirishani. Mteja mmoja akauliza kama nauzwa pamoja nalo.

Saa nne akaja mkaguzi. Mwanamke mwenye viatu bapa na jalada kubwa. Akanishika mkono, akasema shikamoo Mwalimu. Kabla ya magodoro nilifundisha uraia, na huyu alikuwa mwanafunzi wangu, mstari wa tatu, karibu na dirisha. Akalisoma bango mpaka kwenye mwandiko mdogo. Kisha akanikumbusha kwamba ni mimi niliyewaambia darasani kuwa ukweli ulioandikwa kwa herufi ndogo chini ya uongo mkubwa ni uongo uliovaa miwani.

Nikamwambia sikumbuki kusema hivyo.

Nakumbuka sana. Nilijivunia sentensi ile mwaka mzima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelala nikiwaza, nimeamka na hila kubwa kuliko zote. Bango linasema tunafunga. Je, kuna anayefunga kuliko mtu anayekufa? Nikaenda kwa daktari kuomba barua. Alishangaa. Alisema watu huja kumbembeleza aandike kwamba ni wazima. Mwishowe akaandika: moyo umechoka kabisa, muda uliobaki ni miezi, si miaka. Barua safi! Fupi, sarufi nzuri. Ningempa alama zote.

Nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikamtuma binti yangu aipeleke ofisini.

Sikujua kwamba pale ofisini hawapokei barua mpaka aliyeileta aifungue mbele yao, aisome, aandike kwenye daftari inahusu nini.

Alirudi saa nane. Hakuniamkia. Akakaa kwenye godoro la futi sita la maonyesho, nailoni ikalia chini yake. Akaniuliza nilipanga kumwambia lini. Nikajibu kwamba ile ilikuwa karatasi ya biashara tu. Akaniuliza tena, "Lini, baba?" Kisha akainama akalia, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia asilie juu ya bidhaa.

Nimesema maneno mengi mabaya maishani. Hilo ndilo kubwa lao.

Tena barua haikusaidia kitu. Mkaguzi alijibu kwa kalamu pembeni: anayeondoka ni mwenye duka, si duka. Akaongeza kwa herufi ndogo kabisa, pole Mwalimu.

Jumamosi, 8 Machi

Binti yangu ananisemesha kwa maneno manne kwa siku. Chai hii. Dawa hizi.

Hasira zote nimezipeleka ng'ambo ya barabara. Juzi niliipigia simu ofisi ya mlaji, nikasema kuna muuza mapazia anayepunja watu kwenye kipimo. Sikutaja jina langu. Mkaguzi akanijibu, sawa Mwalimu.

Leo amekuja na rula ya chuma. Nikasogeza kiti mlangoni, nikajifunika shuka, nikakaa kama mtu aliye kwenye mechi. Akafungua vifurushi kumi vilivyokwisha kufungwa kwa ajili ya wateja, akapima kimoja kimoja. Vyote vilizidi! Kila kimoja, shubiri nzima juu ya kilicholipiwa. Mapazia akaeleza kwamba vitambaa husinyaa vikifuliwa, na mtu hapaswi kununua dirisha lililo wazi kwa chini. Mkaguzi akampongeza mbele ya mtaa mzima.

Kisha Mapazia akavuka barabara. Nikashika mkongojo wangu, tayari kwa vita. Kumbe anakuja kunijulia hali. Binti yangu alikuwa amelia dukani kwake. Si kwangu, kwake!

Nikamtupia shtaka usoni, kwamba yeye ndiye aliyenichongea. Akacheka mpaka futi kamba ikamdondoka.

"Jirani, nikuchongee ili nipate nini? Mtu akinunua godoro kwako anavuka kununua pazia kwangu. Uongo wako umesomesha watoto wangu watatu."

Akalitazama bango. Akasema kile kitambaa chekundu lilichoandikwa alinipa yeye, siku ya nne baada ya kumzika mke wangu, na hakunitoza.

Nilikuwa nimesahau. Hapana. Sikuwa nimesahau.

Jumatatu, 10 Machi

Muuguzi huja kila Jumatatu kunichoma sindano. Ni mwanamke wa makamo, mpole, ana mikono ya baridi. Leo, wakati nimelala kifudifudi, suruali nusu, heshima robo, nikamsimulia masaibu yangu. Nikasema ningempata huyo mchongezi ningemwonyesha kilichomnyoa kanga manyoya.

Akasema nitulie, asije akakosea mshipa. Halafu akasema, "Ni mimi, mzee wangu."

Sindano ilikuwa imeshaingia! Mtu afanye nini?

Akanieleza bila haraka, akisukuma dawa. Miaka tisa iliyopita alipita hapa akaona siku tatu za mwisho. Hakuwa na kipimo cha mlango wala cha kitanda, akataka kwenda nyumbani kupima. Nikamwambia akirudi atakuta mlango una kufuli. Nikaapa kwa kaburi la mke wangu. Basi akanunua la futi sita. Halikupita mlangoni kwake. Alilirudisha siku hiyohiyo, na mimi nikamwonyesha karatasi ya ukutani kwa kidole. Mali ikishauzwa. Akalikata katikati kwa kisu cha jikoni. Nusu analalia yeye, nusu analalia mama yake, na kwa miaka tisa makombo ya sponji yanawaganda kwenye nywele.

Mwezi uliopita alipangiwa kuja kunihudumia, akalikuta bango lilelile. Ndipo alipoandika barua.

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kunichoma vibaya. Akasema hana kinyongo, angetaka kuniumiza ana sindano tangu Februari. Alitaka tu mtu mwingine asiikimbilie siku ya mwisho ambayo haipo.

Akanipandisha suruali kwa heshima. Nilibaki nimelala hivyohivyo. Sikuwa na uso wa kugeuza.

Jumatano, 12 Machi

Kesho siku kumi zinakwisha.

Binti yangu ameweka karatasi mbele yangu. Akasema hataki duka wala leseni ikiwa sitakiri, kwani yeye atabaki hapa mtaani na atasalimiana na watu hawa miaka mingine thelathini. Mimi, akasema, nitakuwa nimepumzika. Alisema hivyo bila kutikisika. Ana moyo wa mama yake.

Nikamwomba kalamu. Nikakiri kosa la kwanza, la pili, la tatu. Akaniuliza, ila bango lilianzaje? Hajawahi kuniuliza.

Basi nikamwambia, na hapa naandika, maana sina muda wa kuandika mara mbili. Bango la kwanza lilikuwa kweli. Mama yako alipokufa nilitaka kufunga. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nawasha redio ya lugha nisiyoifahamu. Nikaandika siku tatu za mwisho, nikamaanisha. Siku ya kwanza watu wakaja arobaini. Wakajaribu magodoro, wakakaa, wakanieleza wagonjwa wao, ndoa zao, migongo yao. Siku ya pili wakajaa zaidi. Siku ya tatu jioni nikaenda kuliteremsha bango. Mkono haukufika. Nikasema, kesho. Baadaye faida ikaninogea, hilo nalo ni kweli. Lakini kwanza ulikuwa ule mkono.

Binti yangu alichukua birika, akamimina. Akanisogezea chai. Kisha akasema, kwa hiyo baba, umeshindwa kufunga duka miaka kumi na mmoja, na ulitaka kufa bila kuaga?

Nikatia sahihi.

Ijumaa, 14 Machi

Bango limeteremshwa. Mapazia alipanda ngazi, mimi nikatoa maagizo ambayo hakuna aliyeyafuata. Ukuta lilipokuwa umebaki na rangi ya zamani, mbichi kama ya jana.

Faini imelipwa. Sharti la mwisho ni hili: tangazo la kuomba radhi, siku thelathini, mahali palepale, kwa herufi zisizo ndogo kuliko zile za kosa. Mkaguzi alipima kwa rula yake ya chuma. TULIWADANGANYA. TUNAOMBA RADHI. Jina la binti yangu limeingia kwenye leseni.

Muuguzi amepelekewa magodoro mawili mapya. Mapazia ndiye aliyekwenda kupima mlango, akazidisha shubiri kwa mazoea, ikabidi arudi kupima upya.

Jumapili, 23 Machi

Ajabu! Watu wanasimama barabarani kusoma radhi yetu. Wanaita wenzao. Mzee mmoja alisema ameishi miaka sabini na hajawahi kuona mfanyabiashara akiomba msamaha, akaingia kutazama sura yangu, akatoka na godoro la futi nne. Watu humwamini anayekiri kuliko anayeapa. Ningelijua hili mapema!

Wanakaa. Wanajaribu. Wananieleza migongo yao. Namwambia binti yangu aniweke karibu na mlango.

Alhamisi, 10 Aprili

Miguu imevimba. Muuguzi ameibonyeza, shimo likabaki. Akakaa nami zaidi ya kawaida, akanionyesha nywele zake. Hamna sponji.

Radhi inakwisha Jumamosi. Nimehesabu kwa vidole. Leo, kesho, keshokutwa. Nikaomba kipande cha boksi na kalamu nene, nikaandika nikiwa nimelala, herufi zinapanda na kushuka: RADHI HII, SIKU TATU ZA MWISHO!

Ni kweli tupu! Kila neno! Mkaguzi mwenyewe akija na rula hatapata pa kushika.

Binti yangu alikisoma kile kiboksi. Nikangoja akichane. Akacheka, akacheka mpaka akajishika ukutani, na mwishoni sikujua kama bado anacheka. Akakitundika.

Foleni mpaka kwa Mapazia.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya thelathini. Mkaguzi atapita jioni kuhakikisha tangazo limeondolewa.

Pumzi inakuja kwa awamu. Wamenilaza dirishani, godoro la futi nne, nailoni imetolewa. Naona barabara nzima. Watu bado wanakuja, mmoja ameketi miguuni pangu sasa hivi anasimulia kuhusu mkwewe. Sitaki amalize.

Asubuhi nilimwita Mapazia, nikamnong'oneza. Amerudi na mita mbili za kitambaa chekundu na shubiri moja ya ziada. Hakunitoza. Nimeshaandika mstari wa kwanza: RADHI IMEONGEZWA KWA MAOMBI YA WATEJA.

Binti yangu ameona. Amekaa kando yangu, amenishika mkono wenye kalamu. Ameniuliza, imeongezwa mpaka lini, baba?

Nimemwambia siku tatu tu. Za mwisho.